Alfa ya 0.93 pekee haitoshi kupitisha dodoso

Swali: Tumetafsiri kwa Kidenmaki dodoso la Boston la wagonjwa waliobanwa neva ya mediani kwenye kifundo cha mkono. Wagonjwa 60 wamelijaza mara moja, na alfa ya Cronbach ni 0.93. Tuanze kulitumia kliniki?

Jibu: Bado. Alfa huonyesha kwamba maswali yanakwenda pamoja, haisemi yanapima nini. Tena, mmeipigaje? Dodoso hili la mwaka 1993 lina mizani mbili: maswali 11 ya dalili na 8 ya kazi za mkono, kila jibu likiwa 1 hadi 5. Alfa hupanda maswali yakiongezeka, hivyo mkiyachanganya yote 19 mtapata namba ya kupendeza tu. Pigeni kila mizani peke yake.

Lakini kwanza rudini kwenye maneno. Wanahitajika wafasiri wawili wazawa wa Kidenmaki, mmoja asiye mtu wa tiba. Matini zao zikishaoanishwa, wazawa wawili wa Kiingereza wasiolijua dodoso la asili wairudishe kwa Kiingereza (tafsiri rejeshi). Kisha wagonjwa 30 hadi 40 wajaze na kuulizwa walichoelewa. Hapo ndipo mambo hufichuka. Dodoso hutenganisha kufa ganzi na kuchomachoma, ila Mdenmaki akisema vidole vyake ni "sovende", yaani vimelala, huenda anamaanisha lolote kati ya hayo (ganzi yetu ina mtego uleule). Tumieni "følelsesløshed" kwa la kwanza na "prikken" kwa la pili. Swali la kushika mkonga wa simu nalo ni la enzi za simu za waya. Tafsiri rejeshi hailikamati hilo, kwa kuwa maneno yanarudi salama. Kinachobadilika ni kitu kilichomo mkononi mwa mgonjwa.

Baadaye wagonjwa wasiopungua 50 wajaze tena baada ya wiki moja hadi mbili, bila sindano wala upasuaji katikati. Mkiwahi, wanakumbuka majibu. Mkichelewa, hali imebadilika. ICC, yaani kipimo cha jinsi majibu ya mara mbili yanavyolingana, ifike 0.70. Zidisheni kosa sanifu la kipimo (kiasi alama inavyoyumba hata hali isipobadilika) kwa 2.77: likiwa 0.30, badiliko dogo kabisa linaloaminika kwa mgonjwa mmoja ni 0.83. Aliyeshuka nukta 0.5 baada ya upasuaji msimwandikie nafuu kwa namba hiyo peke yake.

Dhana zenu ziandikeni kabla ya kufungua data. Mfano: mizani ya kazi ioane zaidi na QuickDASH, dodoso fupi la matatizo ya mkono mzima, kuliko inavyooana na kasi ya neva kupitisha ishara.