Bastola ya .40 na Risasi za 9 mm: Je, Kubadili Mtutu Kunatosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mfanyabiashara wa mazao hapa Arua na ninamiliki kihalali, kwa kujilinda ninapobeba fedha za mazao, bastola aina ya Glock 22, inayotumia risasi za .40 S&W. Kibali changu kinataja bastola hiyo na risasi za kaliba hiyo, yaani unene wa inchi 0.40, takriban milimita 10. Risasi zake nazipata kwa shida, ilhali za 9 mm hazinisumbui. Rafiki yangu ananishauri ninunue mtutu wa Glock 17 niupachike. Je, inafaa? Na mwenye 9 mm anaweza kuigeuza iwe .40? — Msomaji, Arua.

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kununua. Rafiki yako amekaribia ukweli, lakini mtutu alioutaja si wenyewe. Mtutu wa Glock 17 umetengenezwa kwa slaidi (kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma kila risasi inapofyatuliwa) ya 9 mm, na ndani ya slaidi ya Glock 22 haukai sawasawa. Unaohitajika ni mtutu maalumu wa kubadilishia, ambao kwa nje una vipimo vya .40 na kwa ndani tundu lake ni la 9 mm. Pamoja nao utahitaji magazini (vibweta vya kuwekea risasi) za 9 mm, kwa sababu midomo ya magazini ya .40 ni mipana na risasi nyembamba haishikwi vizuri. Hata hivyo, kitako cha ganda la risasi ya .40 kina upana wa takriban milimita 10.8, na cha 9 mm hakifiki milimita 10, kwa hiyo ndoano inayovuta ganda inaweza kulishika kwa ulegevu na bastola ikakwama mara kwa mara.

Tofauti hiyo ya kitako ndiyo inayojibu swali lako la pili. Slaidi ya 9 mm imechongwa kwa kitako chembamba, na ganda la .40 haliingii mahali pake. Kwa hiyo kutoka 9 mm kwenda .40 sikushauri hata kidogo. Kutoka .40 kwenda .357 SIG, risasi nyingine ya bastola, ni rahisi zaidi, kwani risasi hiyo ya mwaka 1994 ilitokana na ganda la .40 lililobanwa shingo, na kwa kawaida mtutu peke yake hutosha.

Nakusihi jambo moja kwa moyo wote: usithubutu kutia risasi ya 9 mm katika mtutu wako wa sasa. Itaingia, na huenda ikafyatuka. Niliwahi kushika ganda lililofyatuliwa hivyo. Ubavu wake ulikuwa umefura na kupasuka kwa urefu, na kingo za ufa zilikuwa nyeusi kwa moshi wa baruti iliyopenya. Moshi na moto huo huelekea mkononi mwa mpigaji.

Sasa nizungumzie sheria, ambayo kwangu ina uzito kuliko ufundi. Mwaka 2018, Rais Museveni alipolihutubia Bunge kuhusu usalama, alitaja uchukuaji wa alama za bunduki zote, yaani mikwaruzo ambayo kila silaha huacha kwenye risasi na ganda. Mikwaruzo ya risasi hutoka ndani ya mtutu. Ukibadili mtutu, bastola yako haitafanana tena na kumbukumbu zilizochukuliwa, na kibali chako hakitaji 9 mm. Nenda kwanza polisi, uwaulize kwa maandishi, na usiagize kitu chochote kabla ya kupata jibu lao.

Kwa maoni yangu, mtutu wa kubadilishia unamfaa mtu anayekwenda kulenga shabaha uwanjani, ambako kukwama kwa bastola ni usumbufu tu. Wewe unaibeba kwa kujilinda ukiwa na fedha za mazao. Kama polisi wataridhia, omba kuibadilisha na bastola iliyozaliwa 9 mm, ikaguliwe na kuandikwa upya kwenye kibali chako.