Usikaze Cheni ya Buldoza kwa Kukisia

Watu wengi wakienda kukagua buldoza huanza na injini. Wanasikiliza inavyowaka, wanatazama rangi ya moshi, wanachomoa kijiti cha oili. Mimi naanza chini. Takriban nusu ya pesa zote za matengenezo ya buldoza, tangu inunuliwe hadi ichoke, huishia kwenye cheni na vitu vinavyoibeba: rola za chini na za juu, aidla ya mbele (gurudumu linaloiongoza cheni), sproketi (gurudumu la meno linaloizungusha), pini zinazounganisha viungo, bushi (vyuma vya bomba vinavyozunguka pini), na vile vyuma vya kukanyagia ambavyo mafundi tunaviita viatu. Injini ikitunzwa vizuri inakaa muda mrefu bila kufunguliwa. Cheni inalika kila mita mashine inapotembea, hata kama bleidi iko juu na hakuna udongo unaosukumwa.

Katika kazi hii nimeona cheni nyingi zaidi zikifa mapema kwa kukazwa kupita kiasi kuliko kwa sababu ya mawe. Opereta anaona cheni imeinama kidogo upande wa juu, anadhani ni kasoro, anachukua pampu ya grisi na kupampu mpaka inanyooka kama uzi wa mwashi. Kwa macho inapendeza. Lakini kuanzia hapo kila pini inajigeuza ndani ya bushi yake ikiwa imebanwa, bushi zinasaga meno ya sproketi, aidla inabeba mzigo usio wake, na sehemu ya nguvu za injini inatumika kupambana na cheni yenyewe. Cheni lazima iiname. Cha kujua ni kiasi gani.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Tembeza mashine mbele taratibu kwenye ardhi tambarare, kisha iache isimame yenyewe bila kushika breki, na usiirudishe nyuma hata kidogo, maana ukirudi nyuma mvutano unahama na kipimo kinakudanganya. Laza ubao ulionyooka juu ya viatu, kutoka rola ya juu hadi aidla. Pima kwa rula kuanzia chini ya ubao hadi ncha ya kiatu, pale cheni ilipoinama zaidi. Kwa mashine nyingi za ukubwa wa kati utapata namba inayotakiwa kuwa kati ya milimita 40 na 65 hivi, ila mwenye neno la mwisho ni kitabu cha mashine yako. Zile ambazo sproketi yake imeinuliwa na cheni ina umbo la pembetatu zina utaratibu wao, kwa hiyo usihamishe namba za mashine moja kwenda nyingine.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: pima mahali mashine inapofanyia kazi, ikiwa na tope la pale pale. Ukiiosha, ukaikaza vizuri karakana, halafu ikaenda kwenye udongo wa mfinyanzi, tope litashindiliwa kati ya meno ya sproketi na bushi. Nafasi inapungua, na cheni inajikaza bila mtu kuigusa. Hilo halimaanishi tope liachwe. Jioni, kabla halijakauka, litoe kwa sepetu na maji, hasa kwenye rola. Rola iliyozibwa haizunguki. Viungo vya cheni vinaburuzwa juu yake, na baada ya muda upande mmoja wa rola unakuwa bapa. Ikifika hapo hakuna la kuokoa. Ukiona oili inachuruzika ubavuni mwa rola, sili (pete inayozuia oili isitoke) imekwisha, ibadilishe kabla haijakwama.

Kukaza ni rahisi. Kulegeza ndiko kunakoumiza watu. Grisi iliyo ndani ya silinda ya kukazia, ile inayoisukuma aidla mbele ili cheni ikaze, ina shinikizo la kutosha kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, lakini mtu huyo anatakiwa apelekwe hospitali hapo hapo, asisubiri kuvimba. Fungua valvu ya kutolea grisi polepole, isizidi mzunguko mmoja, ukiwa umesimama pembeni na uso wako uko mbali. Kama cheni hailegei, usiendelee kufungua: funga valvu, sogeza mashine mbele na nyuma kidogo, kisha jaribu tena. Nipeli ya kuingizia grisi si mahali pa kuitolea. Na ile springi kubwa inayopokea mishtuko ya aidla usiifungue bila vifaa vyake maalumu na mtu anayeijua. Imebanwa kwa nguvu za tani nyingi. Nawaambia vijana ninaofanya nao kazi kwamba hapo hakuna ushujaa.

Cheni nyingi za sasa zina oili ndani ya kila kiungo, imefungiwa na sili kati ya pini na bushi. Sili moja ikivuja, kiungo hicho kinakauka, na chuma kinaanza kulana na chuma mahali usipopaona. Kinachokutangazia ni joto. Mashine ikitoka kazini, imezimwa na bleidi imeshushwa chini, pita kando ya cheni na kipima joto cha mbali, au usogeze mgongo wa mkono karibu na ncha za pini bila kuzigusa. Vyote vitakuwa na uvuguvugu unaofanana. Kikavu kitakuwa cha moto peke yake, na mara nyingi ukikitazama kwa karibu utaona duara la vumbi lenye unyevu wa oili kwenye ncha ya pini, ilhali jirani zake ni safi. Kipake rangi ili usikipoteze. Kama ni kimoja au viwili, vitengenezwe mapema. Kama vimetapakaa cheni nzima, anza kupanga bajeti.

Watu husema cheni imevutika. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi zimelika kwa ndani, hivyo umbali kati ya pini na pini umeongezeka. Ili kuupima, weka kipande cha chuma kwenye meno ya sproketi, rudisha mashine nyuma taratibu hadi cheni ikaze, kisha pima urefu wa viungo vinne, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ulinganishe na jedwali la mtengenezaji. Pima pia unene wa bushi kwa nje. Bushi hulika zaidi upande mmoja, ule unaosukumana na sproketi, kwa hiyo inaweza kung'olewa kwa presi na kugeuzwa nyuzi 180 ili upande mzima nao ufanye kazi. Ila kuna muda wake. Ukingoja mpaka bushi ipasuke au iishe ukuta, hakuna cha kugeuza, unanunua cheni. Ndiyo maana nasisitiza kipimo kiandikwe kila mara kwenye daftari pamoja na saa za mashine. Na usifunge cheni mpya kwenye sproketi iliyochongoka meno. Vipimo vyao haviendani, na ya zamani itaila mpya haraka.

Kwa upande wa opereta, punguza mwendo wa kurudi nyuma kwa kasi. Mashine ikirudi nyuma, bushi inazunguka kwenye jino la sproketi ikiwa na mzigo, na hapo ndipo inapolika zaidi. Usikate kona upande ule ule siku nzima, na usiache cheni iteleze papo hapo bleidi inapozidiwa.

Viatu vipana navyo vinapendwa bila sababu. Benjamin Holt alipoijaribu trekta yake ya cheni kule Stockton, California, mnamo Novemba 1904, alikuwa anatafuta namna ya kutozama kwenye udongo laini, na hadi leo upana una kazi hiyo moja tu. Kwenye mawe kiatu kipana kinakanyaga jiwe kwa ncha, kinapinda, kinazipotosha pini na kulegeza bolti. Chagua kiatu chembamba kabisa ambacho bado kinaizuia mashine isizame.

Bolti za viatu mashine nyingi hutaka zikazwe hadi kipimo, kisha ziongezwe theluthi moja ya mzunguko. Baada ya saa chache za kazi rudi uzikague. Moja ikilegea, kiatu kinacheza, tundu la kiungo linapanuka, na tundu likishapanuka bolti mpya haishiki tena.