Ukungu mtupu Ha Long: nidai fedha? Nirudi?

Pole sana, dada. Kulipia usiku mzima melini kwenye ghuba ya Ha Long, Vietnam, ukaambulia ukungu na manyunyu, tena kayaki ikafutwa bila maelezo, kunauma kweli.

Kuhusu kurudishiwa fedha: ukungu peke yake kwa kawaida haumlazimu mwenye meli kukulipa. Kayaki ni jambo jingine, kwa sababu ilikuwamo kwenye ratiba uliyolipia. Waandikie leo hii, ambatisha ratiba na risiti, taja kilichoachwa, kisha omba kiasi mahususi. Ukiandika tu kwamba safari ilikuwa mbaya, watakujibu kwa pole na basi.

Kurudi? Mimi ningerudi, ila si Februari wala Machi, miezi ya manyunyu na ukungu kaskazini mwa Vietnam. Katikati ya mwaka kuna hatari ya tufani. Lenga Oktoba au Novemba: hewa hukauka, na vile visiwa vya mawe ya chokaa, vipatavyo 1,600, huonekana hadi mbali. Ulizia pia meli za ghuba jirani ya Lan Ha, kwenye msongamano mdogo zaidi.