Kigae kimoja kinaweza kuonyesha chungu kizima?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mi niko Uvinza, tulikuwa tunachimba shimo la choo tukakuta vigae vya vyungu kibao, vingine vina michoro karibu na mdomo. Kijana wangu anasema siku hizi vinaskaniwa kwenye kompyuta hadi chungu kizima kinaonekana, eti hata simu inatosha. Kweli au ananipiga fiksi?
Mama wa Uvinza

JIBU: Shikamoo mama. Kijana hajakudanganya ila katia chumvi kidogo, na kwa mtu wa Uvinza hiyo tunaisamehe.

Kigae chenye mali ni cha mdomo, maana ule upinde wake ni kipande cha duara, programu inatafuta kitovu cha hilo duara inapata upana wa mdomo, halafu inauzungusha ubavu mpaka umbo litokee. Shida ni kwamba vyungu vya kwetu vilifinyangwa kwa mkono, bila gurudumu, mdomo hauwi duara kamili, sasa kigae cha vidole viwili ukikiinamisha kidogo tu unapata chungu, ukikiinamisha tena unapata bakuli. Cha tumbo ndo kabisaa, kinasema machache. Skana inapomshinda mchoraji wa penseli ni kwenye unene wa ukuta, na kwenye kulinganisha mamia ya midomo kwa mpigo.

Simu inafaa. Apige picha nyingi akizunguka kigae, kila picha iingiliane na iliyotangulia zaidi ya nusu, kivulini, akigeuze arudie upande wa pili, na aweke rula pembeni, bila rula programu haijui kama ni kikombe au pipa.

Umri sasa, skani haikupi. Wanaakiolojia Sutton na Roberts walipochimba kwenye chemchemi za chumvi hapo Uvinza miaka ya 1960, ni vipimo vya kaboni ndo vilionyesha chumvi ilianza kupikwa hapo tangu kama karne ya 5 au 6. Vya kwako vinaweza kuwa vya juzi tu, sura peke yake isikupe presha.

Ila msiendelee kufukua kutafuta vingine, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali. Toeni taarifa halmashauri, andikeni vilikuwa kina gani, na yale masizi yaliyoganda ndani msiyasugue, maabara wanayahitaji.