Vipande vya tabo vimekwenda wapi? Kwa vijana wanaofunga injini za mtumba

Juzi nimewakuta vijana wawili wa gereji wakiipaka rangi ya silva injini ya Scania iliyotoka kwenye kontena asubuhi ileile. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) haijafunguliwa, hedi (kifuniko cha juu ya silinda) haijaguswa, lakini rangi inang'aa. Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo maana nafoka. Rangi inakuja mwisho. Nitazungumzia DC12, injini ya lori la Scania 124, kwa sababu ndiyo imejaa kwenye yadi zetu. Wa Fuso na Isuzu chukueni yanayowahusu. Swali la tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, liko namba 4.

1. Kabla tajiri hajatoa hela, izungushe kwa mkono kupitia fulaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), mizunguko miwili kamili. Injini ya mipigo minne haimalizi kazi yake kwa mzunguko mmoja, na wengi mnazungusha nusu mnasema iko poa. Ikigoma sehemu moja, usiongeze bomba kwenye spana. Hapo kuna valvu iliyopinda, maji kwenye silinda au kutu. Muuzaji asiyetaka sampu ifunguliwe mbele yako mwache na injini yake. Na angalia mapema kama ni ya pampu ya dizeli au ya unit injekta, yaani kila silinda ina injekta yake inayoongozwa kwa umeme. Nimeona watu wamenunua ya umeme kwa gari la pampu, kisha wanaanza kutafuta waya na kontroli mji mzima.

2. Fungua sampu, pitisha sumaku kwenye tope la chini. Chuma kitashika, alumini na shaba havishiki, kwa hiyo kinachobaki kipake kwenye kitambaa cheupe ukiangalie juani. Shusha moja moja kofia za bigi endi, zinazofunga konrodi (mkono wa pistoni) kwenye krenki (shafti kuu ya injini). Kila kofia ina konrodi yake na upande wake, usizirundike kwenye karai moja kama ndizi za sokoni. Beringi ya ndani ya kofia, ikiwa nzima, ni ya kijivu kilichofifia. Ukiona rangi ya shaba inachungulia, safu ya juu imeshalika. Badilisha zote. Beringi ni bei rahisi, krenki si bei rahisi.

3. Slivu, yaani bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka. Hii ni injini ya slivu za maji, yaani maji ya kupoza yanazigusa kwa nje, na hedi ni moja kwa kila silinda, kwa hiyo huna kisingizio cha kutonyanyua hata mbili ukaangalia. Slivu inatakiwa isimame juu ya uso wa bloku kati ya milimita 0.20 na 0.30. Pima kwa dayali geji (kipimo cha mshale) huku slivu imebanwa, usipime kwa kidole. Ikiwa chini ya hapo gasketi haitashika, na gari litarudi likitoa povu kwenye rejeta. Ukichomoa slivu, tazama upande wa nje, pale pistoni inaposukuma. Vitundu vidogo kama vya sindano vinakuambia injini ilinyweshwa maji matupu bila kulanti (dawa ya maji ya rejeta). Halafu sampu ikiwa wazi, jaza maji, tia upepo kidogo, kaa chini na tochi. Tone likidondoka kando ya slivu, oringi (mipira ya kuzuia maji) zimekufa.

4. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu hayo yote ya juu niliyafanya, na injini ikafa.

Gari lilikuwa 124 ya tajiri mmoja, linakwenda Tunduma na mbolea. Injini ya kwanza iliharibika baada ya tabo kuvunjika. Ikanywa oili ya tabo, ikanoki, mchezo ukaisha. Ikaletwa nyingine ya mtumba, nzuri kweli. Nilipima slivu, nikabadilisha beringi, nikafunga tabo mpya. Tabo ile mbovu niliishika mkononi. Feni ya upande wa hewa ilikuwa imebakiwa na mapanga machache, mengine yamekatika kwenye shina. Niliigeuza geuza, nikaitupa kwenye pipa la skrepa, nikaendelea na kazi.

Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, sikuishusha. Nilifungua mipira, nikaona oili imelala ndani ya bomba, nikafuta kwa kitambaa na kufunga klipu. Gari likawaka vizuri, halina moshi, kila mtu ana furaha. Morogoro limepita, Mikumi limepita. Likaanza kupanda Kitonga, mzigo umejaa, dereva amekanyaga, tabo inasukuma upepo wake wote. Katikati ya mlima likaanza kutoa moshi wa bluu na kupumua kwa nguvu kwenye brida (bomba la kupumulia la injini). Likalala pale na tela lake, dereva na utingo wakakaa barabarani kuongoza magari.

Tulipofungua, slivu mbili zilikuwa na mikwaruzo ya kushika kucha toka juu hadi chini. Juu ya pistoni moja kulikuwa na kipande cha alumini kimezama, ukingo wake umepinda kama ulivyotoka kiwandani. Ulikuwa ukingo wa panga la tabo. Tajiri alikitazama, hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Fundi, ile tabo ya kwanza ilipovunjika, vipande vilikwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na nilikuwa nimeyaona yale mapanga yaliyokatika kwa macho yangu.

Baina ya intakula na silinda hakuna filta. Kinachotoka mle kinaingia moja kwa moja kwenye injini. Vipande hujibana kwenye mapezi ya ndani, ukipuliza gari likiwa limesimama havitoki, vinasubiri presha na joto. Ndiyo maana tabo ikivunjika upande wa hewa, intakula ni ya kubadilisha. Msibishane na hela yake. Na oili iliyojaa mle ni hatari nyingine, kwa sababu dizeli ikianza kuvuta oili kwenye hewa, hata ukizima haizimiki. Bomba la kupeleka oili kwenye tabo nalo liwe jipya, mara nyingi masizi yaliyoziba mle ndiyo yaliyoiua tabo ya kwanza. Usifunge injini mpya kabla hujajua ya zamani iliuawa na nini.

5. Sili ya nyuma ya krenki na pailoti beringi (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) badilisha injini ikiwa chini.

6. Kabla ya kuwasha, jaza filta, mimina oili kwenye tabo, kata dizeli, piga staata kwa vipindi mpaka geji ya oili ipande. Geji ya mkono, si ya dashibodi. Baada ya safari ya kwanza, kata filta ya oili uone imeshika nini.

7. Namba ya injini ipige picha kabla haijaingia kwenye chasi, ikishakaa mle utaitafuta kwa kioo na tochi. Mpe tajiri picha hiyo pamoja na risiti ya ununuzi, apeleke TRA (Mamlaka ya Mapato) kadi ya gari ibadilishwe gari likiwa bado yadi.