Kerneli ikianguka ndani ya kmalloc, usianze na kmalloc

Nilikabidhiwa draiva ya kifaa kimoja cha USB yenye vituko: mashine inaanguka, logi inataja kmalloc (njia ya kuomba memori ndani ya kerneli, yaani moyo wa Linux), na kila mara aliyeiita kmalloc ni mwingine. Leo mfumo wa faili, kesho mtandao. Wenzangu walishaanza kuchimba mm/slub.c, msimbo wa kugawa memori wenyewe. Iacheni, niliwaambia. Aliyekuta maiti si lazima awe muuaji.

SLUB, ambayo tangu toleo la 6.8 la mwaka 2024 ndiyo iliyobaki peke yake kwenye Linux kwa kugawa vipande vidogo vya memori, huweka anwani ya kipande huru kinachofuata ndani ya kipande chenyewe kilichoachiwa. Draiva ikiandika humo baada ya kfree (kuachia memori), anwani inaharibika, na anayekuja kuomba memori baadaye ndiye anayeangukiwa na jumba bovu.

Kwa hiyo ongeza slub_debug=FZPU kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Kwenye distro nyingi huhitaji kukompaili upya. P hukijaza kipande kilichoachiwa baiti za 6b (kwa heksadesimali), ya mwisho ikiwa a5. U hurekodi nani aliomba na nani aliachia. Mashine itakuwa nzito, vumilia.

Logi yetu ikatoa "Poison overwritten", na chini yake safu za 6b 6b 6b 6b. Katikati, baiti moja tu ilisomeka 6a. Hapo tulia: 6b imepungua moja. Data iliyomwagika kutoka kipande jirani haiachi alama ndogo namna hiyo. Kuna msimbo umepunguza kaunta. Nikahesabu umbali kutoka mwanzo wa kipande, nikalinganisha na mpangilio wa struct (kifurushi cha data cha draiva) kwa pahole, zana inayoonyesha kila sehemu imekaa wapi, ikaangukia kaunta ya kazi zilizobaki. Mstari wa logi wa "Freed in" (nani aliachia) ukataja remove ya draiva yetu. Kifaa kinachomolewa, struct inaachiwa, kazi ya workqueue (foleni ya kazi za nyuma za kerneli) bado inakimbia, na ikimaliza inapunguza kaunta isiyo yake tena. Dawa: cancel_work_sync, inayofuta kazi au kuisubiri iishe, kabla ya kfree. (Kukipa kielekezi NULL hakusaidii, kazi imeshashika anwani.)

KASAN, mkaguzi wa memori wa kerneli, ingekamata kosa palepale, ila inataka ukompaili upya na inakula sehemu moja ya nane ya memori. Kwa seva iliyo kazini jaribu KFENCE, mkaguzi mwingine aliyeingia kwenye toleo la 5.12, ni nyepesi kwa kuwa hukagua sampuli tu.

Ukishaweka kiraka, chomeka na kuchomoa kifaa usiku kucha huku slub_debug ingali imewashwa. Ukiizima, ukimya wa logi hauthibitishi kitu.