Ndugu, teremka kwenye hiyo matatu ya Kongowea

Wewe wa Bamburi uliyeniandikia kuwa unarudi kutoka kazini hoi, jiko ukilitazama tu unachoka, na sasa umeamua Jumapili ununue vya wiki nzima soko la Kongowea, upike vyote siku moja, uvitie kwenye friji unayotaka kukopa: usithubutu.

Mpango huo naujua, nimeulipia. Jamaa mmoja wa kwenye video, kifua mbele, meno yanameta, aliniuzia ratiba ya mlo akaapa kwamba ukishapika Jumapili unapumzika hadi Ijumaa. Hakusema kuwa yeye anapikia Nairobi, kule hata mchicha unavaa sweta. Hapa Mombasa Machi joto linapita nyuzi 30, na unyevu wa bahari juu yake. Basi nikachukua friji ya mtumba kwa mkopo, mikebe ya plastiki yenye vifuniko vya rangi moja (cheka tu, nimezoea), kuku, maharagwe ya nazi sufuria tele, mchicha mafungu kwa mafungu. Nikapika mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Stima ikapotea usiku uleule, na ilipopotea haikuwa na haraka ya kurudi. Kufungua friji, maharagwe yanatoa povu, vifuniko vimevimba. Nazi haina subira kwenye joto. Mchicha wa droo ya chini ulikuwa ute wa kijani umeshikana na gazeti nililoufungia, nikaukwangua kwa kijiko. Mwiku wa jana usiku sawa, pasha asubuhi ule. Ule wangu hata paka wa jirani aliunusa akaondoka, na paka yule hula maganda ya muhogo. Deni la friji nimelilipa hadi friji yenyewe ikafa. Nilipomwandikia yule bingwa kumlalamikia, alinitumia ratiba nyingine. Ya kulipia!

Kwa hivyo sikiza: nunua cha leo, uwashe jiko kwa sufuria moja tu. Hayo mengine watu wameshakufanyia. Mama mboga anakukatia sukuma au mchicha ukiwa umesimama pale. Mwambie aoshe kwanza ndipo akate. Wapo wanaouza maharagwe yaliyochemshwa kwa kikombe, chukua hayo, maana makavu ambayo hukuyaloweka yatakula gesi kwa muda wa saa 2 hivi. Ukifika nyumbani, kitunguu, tungule, maharagwe, mchicha mwishoni, epua. Kamua ndimu juu yake, si kwa ladha tu: ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharagwe. Sima inunue kibandani ikiwa kusonga ndiko kunakokushinda. Hakuna atakayekuita mvivu, na akikuita, mpe mwiko asonge yeye.

Asubuhi kula mbaazi, zina protini ya kutosha kukufikisha adhuhuri. Mahamri punguza. (Mimi sijapunguza, lakini ushauri ni wako.)

Uliuliza pia jiko gani ununue, na kitu fulani cha juisi. Jiko lolote linalowaka. Juisi sijui, kula embe.

Ila hiyo friji, kama umeshatoa arubuni, kesho asubuhi na mapema nenda kamwambie muuzaji akurudishie, kabla hajaipakia kwenye mkokoteni.